Anachokosa Mama Mwanafunzi ni Saa

Kila binti anayesoma huku analea mtoto peke yake ameshapewa ushauri huu, na wanaompa humtakia mema: tafuta kitu kidogo cha kufanya. Uza vitafunwa. Chukua mitumba, piga picha, tupia WhatsApp. Kazi ya kujipangia, isiyo na bosi wala saa ya kuripoti, ndiyo inayomfaa mtu mwenye mtoto na vipindi. Shangazi anasema hivyo, mchungaji anasema hivyo, mtoa mada kwenye kongamano la wanawake anasema hivyo na ukumbi unapiga makofi. Naupinga ushauri huu. Nimefundisha chuoni muda wa kutosha kuona unavyowaangusha mabinti wenye uwezo: kwanza wanabeba somo moja, halafu matatu, kisha wanaahirisha mwaka, kisha jina halionekani tena kwenye orodha ya mahudhurio. Waliowashauri hubaki wakisema binti hakukaza.

Tuanze na maandazi, maana ndiyo hutajwa kwanza. Tuseme kilo mbili za unga ni shilingi 4,000, nusu kilo ya sukari 1,500, mafuta 2,500, hamira na iliki 500, mkaa 2,000. Jumla 10,500. Unga huo ukikandwa vizuri unatoa maandazi kama 70, na kila andazi likiuzwa 200 unapata 14,000. Faida ni 3,500, bei zikipanda au kushuka kidogo kutoka mji hadi mji. Sasa weka muda: kukanda, kusubiri yaumuke, kukaanga, kupanga kwenye ndoo, kuzunguka nayo hosteli hadi hosteli. Zinakwenda saa nne, na vyombo bado havijaoshwa. Hiyo ni chini ya shilingi 900 kwa saa, kabla hujatoa maandazi yaliyolala na yale yaliyochukuliwa kwa ahadi ya kulipwa bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, likitoka. Jirani anayemshika mtoto wakati mama yuko darasani akitaka 2,000 kwa siku, kinachobaki ni 1,500. Kwa fedha hiyo binti ameamka saa tisa usiku, na saa moja asubuhi ana kipindi cha takwimu.

Biashara ya mtandaoni inaonekana safi zaidi kwa kuwa haina moshi. Niliwahi kuwa na mwanafunzi mmoja wa aina hii kwenye semina yangu. Simu aliiweka juu ya daftari, na kila dakika chache ilitetemeka. Bei gani? Mwisho ngapi? Rangi nyingine ipo? Naomba nitumie picha ya mgongoni. Alijibu yote, kwa sababu mteja asipojibiwa ndani ya dakika tano huhamia kwa muuzaji mwingine. Wengi wa waliouliza hawakununua. Aliyenunua alitaka mzigo ufike Mbezi jioni ileile, na bodaboda akala nusu ya faida. Binti yule alihudhuria semina zote na hakusikia hata moja. Akili alikuwa nayo. Nilisahihisha kazi zake za mwaka wa kwanza, kabla hajajifungua, na zilikuwa miongoni mwa zile ninazozitunza.

Hizi ndizo kazi tunazoziita huru. Huru ni mteja, anayeagiza anapotaka na kulipa anapotaka. Mama ndiye anayekunjwa: usingizi wake, muda wa kunyonyesha, saa ya kujisomea. Hata kazi za kuandika kutoka kwenye sauti, zinazosifiwa kuwa unazifanya ukiwa kitandani, zina mtego huohuo. Saa moja ya sauti humchukua mwandishi saa nne au zaidi, na anayeanza huchukua zaidi ya hapo. Mteja wa Marekani akiamka, Dar es Salaam ni alasiri au jioni. Anapotaka kazi yake kabla hajalala, huku ni alfajiri. Bando ni lako, na umeme ukikatika hasara ni yako.

Nitaambiwa wapo waliofanikiwa. Wapo, nami nawajua wachache. Ukikaa nao wakueleze vizuri, nyuma ya karibu kila mmoja utamkuta bibi aliyekaa na mtoto Singida au Tanga kwa miaka mitatu, au dada mkubwa aliyetoa chumba bure. Huyo bibi hatajwi kwenye makongamano. Linatajwa beseni la maandazi, na binti asiye na bibi anakwenda kununua beseni.

Wengine hununua kwa mkopo, na hapo ushauri unageuka hatari kabisa. Mikopo kausha damu haimuulizi mtu kama ana mtihani wiki ijayo. Rejesho ni la kila wiki, pengine la kila siku, na dhamana ni simu, godoro, jiko la gesi. Nasema bila kusita: mwanafunzi mwenye mtoto asikope mtaji wa biashara ya kula leo. Anayemshawishi akope hamtakii mema, hata awe ndugu.

Sasa nije kwenye fedha ambayo ni haki yake na ambayo washauri wetu huiruka: matunzo ya baba wa mtoto. Tunamfundisha binti njia kumi za kusaka shilingi 3,500 na hatumwambii kwamba kuna mtu mzima mwenye wajibu wa kisheria wa kuchangia kila mwezi. Wakati mwingine huyo baba ni mwanafunzi wa chuo hichohicho. Fedha ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo, iliyopandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, wanaweza kuwa wanaipokea wote wawili. Mmoja anaigawa kwa matumbo mawili, maziwa na nauli ya kliniki. Mwenzake anakula peke yake na kubaki na ya kutazamia mpira. Halafu kwenye semina ya ujasiriamali anaitwa mama.

Sheria iko wazi. Zamani, kwa sheria iliyoachwa na mkoloni, mwanamume aliyezaa nje ya ndoa hakuweza kuamriwa kulipa zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi, na kiwango hicho kilibaki kwenye vitabu hata shilingi 100 ilipokuwa haitoshi kumlisha mtoto siku moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta. Tangu hapo, Tanzania Bara, mahakama hupima kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu waliyonayo kwa watoto wengine na gharama ya maisha pale mtoto anapoishi. Haiulizi kama mlifunga ndoa. Baba akikana mtoto, inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, na kazi hiyo hufanywa na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Jirani zetu Kenya waliliweka jambo hili juu kabisa, kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 53: baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la.

Kwa nini basi mabinti hawadai? Aibu ni sababu moja. Binti huambiwa kudai ni kujidhalilisha, kwamba mwanamke anayejitambua hamfuati mwanamume. Maneno haya yamewaokolea wanaume fedha nyingi. Mtoto ndiye mwenye haki. Mama anakwenda kuipokea kwa niaba yake, kama anavyokwenda kumchukulia chanjo.

Sababu ya pili ni hofu, nayo naiheshimu zaidi. Mtaani inasemwa kwamba ukipokea matunzo, mtoto akitimiza miaka saba baba anakuja kumchukua. Nimesikia hata watu wenye shahada wakilirudia hili. Miaka saba imetajwa kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, lakini kwa maana nyingine: kwa mtoto wa chini ya umri huo, dhana ya kuanzia ni kwamba heri yake ni kuwa na mama. Haisemi popote kwamba siku ya kuzaliwa ya saba ni siku ya kumkabidhi. Mtoto akae na nani ni suala la maslahi ya mtoto, na mahakama ndiyo huliamua wazazi wasipoelewana. Kupokea shilingi 60,000 za maziwa hakumuuzi mtoto.

Simaanishi kwamba kila baba atapatikana. Wapo waliofariki, na hapo mtoto anahitaji mtu wa kumsimamia kwenye mirathi kabla baba wadogo hawajagawana kiwanja. Wapo waliotoroka. Wapo wasio na kitu kweli. Na wapo akina baba wanaosoma huku wakilea peke yao. Nao wanabanwa na saa zilezile. Lakini tuanze kwa kudai kinachodaika, ndipo tumpe mama beseni.

Chuo nacho kina deni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, akamnyonyeshe mtoto. Katibu muhtasi wa idara anazo saa hizo. Mwanafunzi anayekaa mlango wa pili, mwenye mtoto wa miezi minne, hana hata dakika moja iliyoandikwa popote. Shuleni nako ni vivyo hivyo. Mwezi Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilifungua mlango wa shule kwa wasichana waliojifungua, baada ya miaka mingi ya kuwafukuza, na ulikuwa uamuzi mwema. Ila binti anarudi na mtoto mgongoni, na hakuna aliyepanga nani atamshika saa ya hesabu. Chumba kimoja chenye mikeka, maji na mlezi mmoja anayelipwa kingemwongezea mama huyu fedha kuliko mafunzo yote ya kutengeneza sabuni, kwa sababu ile 2,000 ya jirani ingebaki mfukoni kila siku, naye angesoma mchana na kulala usiku. Vyuo vinavyojenga kumbi za mahafali haviwezi kuniambia chumba hicho ni ghali.

Pamoja na hayo yote, najua wapo watakaolazimika kufanya kazi muhula huu huu, matunzo hayajaja na chumba hakijajengwa. Kwao kipimo changu ni kimoja: chukua kazi ambayo unajua itaisha saa ngapi kabla hujaianza. Tuisheni ni bora kuliko vitafunwa. Watoto watano wa mtaani, Jumamosi asubuhi, wazazi wanalipa mwanzo wa mwezi. Hakuna kinacholala, hakuna rejesho, na mwanao anaweza kukaa palepale kwenye mkeka. Kusuka kwa miadi kunafaa ukichagua mitindo ya saa moja kama twende kilioni. Rasta zinameza siku nzima, na mtoto hakungoji umalize kichwa. Usambazaji wa vipodozi unaodai ununue mzigo wako mwenyewe kwanza, kataa.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kuacha kabisa kutafuta kila siku, na kutafuta kwa msimu. Likizo ndefu ya vyuo vyetu huanza Julai au Agosti na kwenda hadi Oktoba. Ukiondoa wiki za mafunzo kwa vitendo, bado zinabaki wiki ambazo mama anaweza kufanya kazi mchana kutwa, mtoto akiwa kwa ndugu: kushika duka, kukaa kwenye kibanda cha wakala wa fedha, kuchapa kazi za watu stationery. Fedha hiyo iende kwenye kodi ya chumba ya muhula mzima, ilipwe mapema, kabla haijaanza kuombwa na kila mtu. Muhula ukianza, asome. Mama anayemaliza shahada kwa wakati akiwa maskini amepata zaidi ya mama anayemaliza kwa kuchelewa miaka miwili akiwa na wateja.

Kwa hiyo shangazi, mchungaji, na wewe mtoa mada: safari ijayo binti akija na mtoto na machozi, msimpe mtaji wa shilingi 50,000. Mpeni siku moja yenu. Mfuatane naye hadi kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, maana ndiye atakayemwita baba mezani kwanza, na wasipoelewana atamwelekeza binti Mahakama ya Watoto. Akabebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki, meseji ambazo baba alimkiri mtoto, na taarifa ya miamala ya simu ya siku zile alipokuwa bado anatuma. Aandike pia karatasi moja ya matumizi ya mwezi: maziwa, dawa, kodi, mlezi, nauli. Afisa atamuuliza kiasi, na mabinti wengi wakiulizwa hutaja kidogo kwa woga. Kaeni naye pale mpaka ataje kiasi kamili.