Kahawa Tungu Nayo Ihukumiwe

Wako watu Ulaya na Marekani ambao kazi yao ni kuonja pombe nyeusi na kuzitolea hukumu magazetini. Kwetu hiyo ni haramu, wala siitetei. Lililonichekesha ni sifa wanayoitoa kwa furaha kubwa: ati ina harufu ya kahawa! Naam, shayiri yake hukaangwa mpaka iwe nyeusi, ndipo ikanukia kama buni.

Basi sisi wa Pwani tulio na kahawa yenyewe, nani aionjaye? Twaketi barazani, twapiga soga, kikombe cha tatu chapita bila ya kujua tumekunywa nini. Wauzaji wengine (sisemi wote) wanalijua hilo. Buni huiunguza, kisha ule moshi wakauficha kwa tangawizi. Juzi nilimrudishia mmoja kikombe chake. Akaniuliza kama naumwa.

Kahawa tungu njema naijua hivi. Uchungu wake hushika ulimi, ukaondoka taratibu. Iliki husikika baadaye, na tangawizi haikwaruzi koo. Machicha yametulia ndani ya dele, hayaji kikombeni. Halua iwe kando. Atiaye sukari ndani, huyo hana shauri nami.

Masufi wa Yemen waliinywa katika karne ya 15 wapate kukesha kwa dhikri. Mwaka 1511 ilipigwa marufuku Makka, wanazuoni wakabishana. Kinywaji kilichogombaniwa hivyo, leo chanywewa kama maji ya mfereji! Mimi vikombe nitaendelea kuvirudisha.