Barua ya Mjane

Juma lililopita tulipanda Nyeri kumtazama dada yetu wa Majengo aliye edani. Baridi ya mlima ilitukusanya jikoni, nasi tukamsomea Barua Ndefu Kama Hii, riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979. Tulichelea isije ikamzidishia majonzi.

Kitabu kizima ni waraka wa Ramatoulaye, mjane wa Dakar, kwa shoga yake Aissatou, uliobeba habari za kizazi kilichouona uhuru wa 1960 kikiwa kijana. Wako watakaoona mwandishi amewakalia waume vikali. Hata hivyo, ifikapo siku ya arubaini mjane amekwisha kumsamehe marehemu, naye humwombea dua.

Tulipofika pale Imamu na wenziwe wawili wanapomjia Ramatoulaye na habari kwamba mumewe ameoa siku ile ile, tena amemwoa Binetou, rafiki wa binti yake, dada yetu alitushika mkono, akataka pasomwe tena. Hatukumwuliza sababu.

Tulipoaga alituomba tumwachie kitabu, na daftari.