Biashara ya mtandao: Nani hubeba hasara mzigo wa haraka ukichelewa?

Biashara ya kuuza bidhaa kwa njia ya mtandao imewazoesha wanunuzi wa Marekani na Ulaya kuamini kwamba kitu kilichoagizwa leo chaweza kufika mlangoni kesho. Kwa makampuni makubwa, yenye maghala na magari yao wenyewe, ahadi hiyo ni gharama ya kawaida ya biashara. Kwa muuzaji mdogo anayefunga vifurushi sebuleni mwake, kukubali kutoa huduma ya usafirishaji wa haraka ni uamuzi mzito kuliko unavyoonekana.

Waswahili husema ahadi ni deni. Ugumu uliopo hapa ni kwamba anayeahidi ni muuzaji, ilhali anayetekeleza ni kampuni ya usafirishaji ambayo muuzaji huyo hana mamlaka yoyote juu yake.

Kasi yawa kipimo

Mabadiliko makubwa yalianza Februari 2005, pale Amazon ilipoanzisha huduma yake ya Prime. Kwa ada ya dola 79 kwa mwaka, mteja wa Marekani aliweza kuletewa bidhaa nyingi katika muda wa siku mbili bila malipo ya ziada. Mwaka 2007, eBay iliwaruhusu wanunuzi kumpima muuzaji kwa nyota, na miongoni mwa mambo yaliyopimwa ulikuwa muda aliochukua kutuma mzigo. Mwaka uliofuata wauzaji waliondolewa uwezo wa kumpa mnunuzi alama mbaya.

Tangu hapo mizani imeelemea upande mmoja. Muuzaji asiyetoa huduma ya haraka hupitwa na wateja. Anayeitoa na kushindwa hupoteza fedha, na pengine nafasi yake katika soko lenyewe, kwa kuwa alama mbaya humshusha mahali ambapo wanunuzi hawafiki.

Hesabu za muuzaji

Chukua mfano wa muuzaji wa magauni. Gauni analiuza kwa dola 40, alilinunua kwa dola 30, soko la mtandaoni humkata dola 5, na faida yake ni dola 5. Mteja anataka livaliwe harusini Jumamosi, hivyo analipa dola 25 zaidi ili lifike kesho yake. Theluji inazuia ndege, na gauni linafika Jumatatu.

Mteja analirudisha na kudai dola zake zote 65. Kampuni ya usafirishaji inajibu kwamba dhamana yake haihusu hali mbaya ya hewa. Hata kama soko litarejesha ada yake na gauni litarudi likiwa zima, muuzaji amekwisha poteza dola 25, yaani faida ya magauni matano. Na pale ambapo msafirishaji anakubali kosa, kwa kawaida hurudisha nauli peke yake. Harusi iliyokosa gauni si hesabu yake.

Hayo si mambo ya kubuni tu. Katika Krismasi ya mwaka 2013, UPS na FedEx zilishindwa kufikisha vifurushi vingi kwa wakati, baada ya hali mbaya ya hewa kukutana na wimbi la maagizo ya dakika za mwisho. Amazon iliwarudishia wateja walioathirika gharama za usafirishaji na kuwapa hati ya manunuzi ya dola 20. Kampuni kubwa iliweza kununua radhi ya wateja wake. Mwenye duka dogo hana mfuko wa kufanya hivyo.

Machi 2020, janga la korona lilipoenea, makampuni hayo mawili yalisitisha dhamana zao za kurudisha nauli ya mzigo uliochelewa. Nauli iliendelea kutozwa. Tangazo hilo halikumfutia muuzaji deni lake kwa mnunuzi.

Sheria zasemaje

Sheria za nchi mbili zenye soko kubwa zinatofautiana katika jambo la msingi. Kanuni ya Tume ya Biashara ya Marekani, iliyoanza miaka ya 1970 kwa maagizo ya posta, hutazama zaidi siku ambayo muuzaji ametuma mzigo. Anapaswa kuwa na sababu za kuaminika za kutaja muda fulani, na asipotaja muda, hupewa siku 30. Akichelewa, lazima amjulishe mnunuzi na kumpa nafasi ya kufuta agizo na kurudishiwa fedha.

Uingereza imeusogeza mpaka mbele zaidi. Chini ya Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015, mzigo ukipotea au kuharibika njiani, hasara ni ya muuzaji hadi mnunuzi aupokee mkononi, isipokuwa pale mnunuzi alipojitafutia msafirishaji wake. Na kama pande mbili zilielewana kwamba tarehe fulani ni ya lazima, tarehe hiyo ikipita mnunuzi ana haki ya kuvunja mkataba na kudai fedha zake.

Hata hivyo, muuzaji wa Uingereza ana kinga moja. Mteja aliyebadili mawazo tu katika siku 14 hurudishiwa gharama ya usafirishaji wa kawaida, wala si nyongeza aliyoilipa kwa ajili ya haraka. Kinga hiyo haimfai muuzaji aliyeificha nauli ndani ya bei ya bidhaa.

Haraka ya mwizi

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana. Anayenunua kwa kadi ya benki iliyoibwa hupenda usafirishaji wa haraka, kwa sababu anataka mzigo umfikie kabla mwenye kadi hajagundua. Agizo kubwa la mteja mgeni, linalotakiwa kesho, katika anwani isiyolingana na ya kadi, ni dalili inayojulikana na wafanyabiashara wazoefu. Wiki kadhaa baadaye benki humrudishia mwenye kadi fedha zake na kuzikata kwa muuzaji, ambaye wakati huo hana bidhaa wala malipo.

Ndiyo maana saa chache za kuhakiki agizo ni ulinzi, na huduma ya haraka huzipunguza saa hizo.

Kukabidhi ghala

Njia moja ya kukwepa mzigo huo ni kuukabidhi kwa wakubwa. Tangu mwaka 2006 Amazon imekuwa ikihifadhi, kufunga na kusafirisha bidhaa za wauzaji wengine kwa malipo. Muuzaji anapata kasi ya Prime, lakini analipa ada za ghala na anazidi kumtegemea mwenye soko. Septemba 2023, Tume ya Biashara ya Marekani pamoja na majimbo kadhaa iliishitaki Amazon, ikidai kwamba wauzaji hulazimika kuitumia huduma hiyo ili wapate alama ya Prime. Amazon imeyakanusha madai hayo.

Kwa anayeuza vikapu au vinyago kutoka Nairobi au Dar es Salaam kwa mteja aliyeko Marekani, kuna mlango mwingine ambao hakuna nauli inayoufungua upesi: forodha. Agosti 29, 2025, Marekani ilisitisha msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi thamani ya dola 800. Ndege yaweza kufika kwa siku mbili, na kifurushi kikasubiri hesabu za ushuru.

Muuzaji mwenye busara si lazima aikatae huduma ya haraka. Anachoweza kufanya ni kuahidi kile kilicho mikononi mwake: kwamba agizo lililofika kabla ya saa sita mchana litakabidhiwa kwa msafirishaji siku hiyo hiyo. Nauli ya haraka aiandike peke yake, apunguze ahadi wiki za sikukuu, na adai sahihi ya mpokeaji kwa mzigo wa thamani. Wanunuzi nao wafahamu kwamba dola 25 za kesho yake hununua nafasi ndani ya ndege, na kwamba ndege hiyo ikichelewa, mara nyingi anayelipa ni mwenye duka dogo.