Methali za Pwani Katika Bonde la Yaeda

Waitalia husema kwamba baina ya kunena na kutenda iko bahari. Mwingereza, akitakiwa atoe methali ya kwao iliyo sawa na hiyo, aghalabu hujibu kwamba kusema ni kwepesi kuliko kutenda. Maana imetimia, walakini bahari imekauka. Sisi wa Kiswahili, ambao lugha yetu imelelewa ufukoni, tungeweza kuipokea methali ile pamoja na maji yake yote, na kwa hiyo ni dhahiri kwamba anayetafuta kisawe cha methali hana budi kuijua nchi ya msikilizaji, wala ujuzi wa lugha peke yake haumtoshi.

Padri W. E. Taylor, aliyezikusanya methali za Waswahili na kuzichapisha London mwaka 1891, na S. S. Farsi, aliyechapisha za Unguja mwaka 1958, walizifasiri kwa Kiingereza, na kila mtu aliitambua kazi yao kuwa ni ya tafsiri. Kazi hiyohiyo twaifanya sisi kila siku pasipo kuitambua, tunapozichukua methali zilizozaliwa pwani na kuzipeleka bara. Yaeda Chini, katika Mbulu, kusini-mashariki ya Ziwa Eyasi, huishi jirani Wahadzabe, Wadatoga, Wairaqw na Waisanzu, watu ambao lugha zao za asili hazina nasaba moja. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, na mtoto wa huko hupewa katika mtihani nusu ya methali akatakiwa aikamilishe.

Chukua hii: maji yakijaa hupwa. Mtoto wa Yaeda hajaona bahari, lakini maji yajaayo anayajua, kwani bonde lake hufurika wakati wa mvua na kiangazi hubaki udongo mkavu uliopasuka. Ataifahamu methali, ila kwa saa nyingine. Mtu wa Lamu hungoja saa sita hivi, maji yakatoka, na kabla ya siku kwisha yakarudi. Wa Yaeda hungoja miezi, na mwaka wa ukame bonde halijai kabisa. Kwa yule wa kwanza methali ni faraja. Kwa wa pili yaweza kuwa onyo kali.

Au hii: fuata nyuki ule asali, yaani andamana na mwenye manufaa nawe upate. Mhadzabe, aijuaye asali kuliko wengi wetu tunaoinunua katika chupa, aghalabu humfuata ndege. Mlembe huja akipiga kelele, mtu humwitikia kwa mluzi, naye hurukaruka kutoka mti hadi mti mpaka kwenye mbuyu wenye mzinga. Mtu hupigilia vigingi shinani, akapanda na kijinga cha moto, akawatuliza nyuki kwa moshi. Katika nchi nyingi za Afrika mlembe huachiwa nta na majana kuwa ujira wake, na husemwa kwamba ukimdhulumu, safari ijayo atakupeleka kwa simba. Lakini wataalamu waliofuatana na Wahadzabe wameona baadhi yao wakiyachoma au kuyafukia masega yaliyobaki, kusudi ndege abaki na njaa aendelee kuongoza. Basi ni kisawe gani cha pwani kitakachobeba uongozi wa namna hiyo, ambao mwongozaji hunyimwa ujira ili asiache kazi? Mimi sikijui, ingawa nawajua waajiri ambao kingewafaa sana.

Akiba haiozi ndiyo ngumu kupita zote. Nyama ya mnyama mkubwa huoza, na Wahadzabe huigawa upesi kwa waliopo kambini. Akiba ya mwindaji, tukitaka kuiita hivyo, ni haki yake ya kula katika mawindo ya mwenziwe kesho. Katikati ya miaka ya 1960 Serikali ilijaribu kuwakalisha Wahadzabe hapo Yaeda Chini wakalime, na wengi wakarudi porini. Methali hiyo ingaliweza kuandikwa mlangoni pa mpango ule, nayo isingalimshawishi mtu. Na jirani yao Mdatoga, ambaye akiba yake ina kwato, ameshuhudia ukame ukiifisha.

Sisemi methali za pwani zisifundishwe bara; ni urithi wa kila asemaye Kiswahili. Ninalolikataa ni kuzifanya mizani, hata hekima ya mzee wa Yaeda ionekane si hekima mpaka ipatiwe ndugu yake wa Mombasa. Walimu wa huko, waulizeni watoto nyumbani kwao husemwa neno gani mtu akinyima, akijivuna, au akipotea njia. Liandikeni kwanza tukio, kisha neno lenyewe kwa lugha yake, na pale ambapo herufi zetu zashindwa na sauti za Kihadzabe, simu yenye kunasa sauti yatosha. Kisawe cha Kiswahili kitafutwe mwisho. Na kisipopatikana, tafadhalini, nafasi yake iacheni tupu.