Siki ya Mama na Pombe ya Wabelgiji

Msomaji mpenzi, usishtuke kuliona neno pombe katika ukurasa huu. Mwandishi wako hajaionja, na kwa rehema za Mola hataionja. Haramu ni haramu hata ikitiwa asali. Lakini lugha yetu yenyewe yamtaja mgema na tembo lake katika methali ambayo hata sheikh huitumia akimwonya mwanafunzi mwenye majivuno. Basi ikiwa twapata hekima kwa mgema, hatukosi kuipata kwa muuza maziwa wa Ubelgiji.

Huko Ubelgiji kuna kijiji kiitwacho Hoegaarden, na watu wake walisifika kwa pombe ya ngano. Ni nyeupe yenye ukungu, mfano wa maji ya mchele, na hutiwa giligilani na maganda makavu ya machungwa. Mama wa Kibokoni akisikia viungo hivyo atadhani anasomewa orodha ya kabati lake la jikoni. Katika karne ya 18 kijiji hicho kilikuwa na viwanda zaidi ya 30 vya pombe hiyo. Kisha ikaja bia ya rangi ya dhahabu ya viwanda vikubwa, watu wakaikimbilia, na mwaka 1957 kiwanda cha mwisho, cha mzee Tomsin, kikafunga milango. Ufundi wa mamia ya miaka ukawa umekwisha.

Lakini haukwisha. Mwaka 1966 muuza maziwa mmoja, Pierre Celis, alianza kuipika tena katika zizi lililokuwa ubavuni mwa nyumba yake. Aliijuaje? Si kwa chuo wala cheti. Utotoni alikuwa jirani wa Tomsin, akiingia humo kusaidia kazi, na yale aliyoyaona kwa macho ya kitoto yakamkaa. Leo watu wa nchi nyingi huipika pombe ya namna hiyo majumbani mwao kwa sufuria za kawaida, na wote wala matunda ya kumbukumbu ya mtoto mmoja.

Hapa ndipo nilipomkumbuka mamangu na siki yake.

Mamangu alikuwa akinunua tembo tamu, lililogemwa alfajiri na halijachacha, akalitia mtungini na kuuweka pembeni mwa ua. Sisi watoto tulikatazwa kuusogelea. “Msiiguse,” akituambia, “yajigeuza yenyewe.” Nilipokua na kusoma fiqhi ndipo nilipotambua kwamba maneno yale hayakuwa ya jikoni tu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kileo kikigeuka siki chenyewe, pasi na kutiwa kitu, huwa tohara. Kikitiwa kitu ili kigeuke, hakitohariki. Mama hakujua kusoma kitabu kile, lakini hukumu yake ilikuwa mtungini mwake. Na siki Mtume wetu (s.a.w.) aliisifu kuwa kitoweo chema.

Mama alifariki nami sikuwahi kumwuliza lolote. Niliuliza habari za mashairi ya kale, nikazunguka Lamu na Pate kutafuta hati za wazee, na mtungi uliokuwa hatua kumi kutoka kitandani kwangu sikuuliza. Nimejaribu mara tatu kuitengeneza siki ile. Mara zote tatu iliota ukungu, nikaimwaga. Sijui alikuwa akiifunika kwa kitambaa au kwa kifuu, wala aliingoja siku 20 au 40, wala alitambuaje kwamba ulevi umekwisha toka. Achari ya kwangu sasa hutiwa siki ya chupa, ambayo ni ukali mtupu usiokuwa na harufu ya mnazi.

Yuko atakayesema, “Siki yauzwa dukani, ya nini taabu?” Huyo namrudisha kwa Celis. Mwaka 1985 kiwanda chake kiliungua, na bima haikutosha kukijenga. Alipokea fedha za kampuni kubwa za pombe, na mwisho kikawa chao, naye akenda kuanza upya Austin, Texas, mwaka 1992. Mwaka 2005 wenye mali wakatangaza kwamba upishi utahamishiwa Jupille, mji mwingine kabisa. Wanakijiji waliandamana kwa uchungu, na mwaka 2007 uamuzi huo ukatenguliwa. Walishinda, ndiyo, lakini iliwabidi kuomba kilichokuwa chao. Nasi tukishangilia chupa ya dukani, siku ikipanda bei au ikitoweka tutamwandamania nani?

Wale walikifufua kinywaji ambacho kwetu ni haramu. Sisi twakiacha cha halali kife, tena mikononi mwetu, ilhali shangazi na nyanya wangaliko hai. Hapo ndipo panaponiuma.

Nduguyo nakusihi: Ijumaa hii, baada ya sala, nenda kwa mkubwa wako aliyebakia. Usiende na kalamu peke yake, kwani ukali wa siki haushikwi na kalamu. Keti naye kando ya mtungi, unuse anaponusa, uonje anapokuambia onja, na umchukue mtoto akae karibu aone. Celis alikuwa mtoto kama huyo.

Na ukifanikiwa, niletee kikombe kimoja. Maembe ninayo.