Kampala: Zamu hubadilishwa usiku, gharama humwangukia muuzaji wa duka

Katika maduka mengi ya Kampala, ratiba ya zamu hubandikwa ukutani mwanzoni mwa wiki, kisha hubadilishwa kupitia kundi la WhatsApp. Ujumbe wa saa nne usiku unaweza kumtaka keshia aliyepangiwa zamu ya mchana afike alfajiri. Asiyeuona kwa sababu bando limekwisha huhesabiwa mtoro. Aliyeuona akafika mapema huweza kukuta nafasi yake imekwisha kujazwa, akarudishwa nyumbani bila malipo ya siku.

Kati ya Julai 2018 na katikati ya mwaka 2021, Mganda alitakiwa kulipa kodi ya shilingi 200 kwa siku ili kutumia mitandao ya kijamii, WhatsApp ikiwemo. Kwa muuzaji wa duka, ilikuwa ni sawa na kutozwa kodi ya kujua saa ya kuingia kazini. Kodi hiyo iliondolewa na mahali pake pakaja tozo ya asilimia 12 kwenye bando la intaneti, kwa hiyo gharama ya kuifuatilia ratiba ingali mfukoni mwa mfanyakazi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka kikomo cha saa 48 za kazi kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo baada ya siku sita, na malipo ya ziada ya mara moja na nusu kwa anayepitiliza muda. Kwa wafanyakazi wa zamu, hata hivyo, hesabu hufanywa kwa wastani wa wiki tatu, nao usizidi saa 10 kwa siku wala 56 kwa wiki. Mwajiri anaweza basi kumchosha mtu wiki hii na kumpunguzia wiki ijayo, bado akawa ndani ya sheria. Idadi ya saa imelindwa. Muda wa kumwarifu mfanyakazi kabla zamu yake haijahamishwa ndio uliobaki bila ulinzi wa kutosha.

Wenye maduka nao wana hoja. Wateja hufurika mwisho wa mwezi na jioni, wafanyakazi huugua, na biashara yenyewe ni ngumu: Uchumi iliondoka Uganda mwaka 2015, Nakumatt ikafuata 2017, na Shoprite ikatangaza kujiondoa 2021. Lakini pengo la mfanyakazi mmoja huzibwa kwa muda wa mwingine, ambaye huenda anaishi Mukono au Nansana. Akitoka kazini usiku, teksi ni chache na nauli imepanda. Inabaki bodaboda, au kulala kwa rafiki. Mwenye mtoto mchanga humtafuta jirani wa kumwangalia kwa taarifa ya saa chache. Yote hayo hutoka katika mshahara usio na kinga ya maana, kwani kima cha chini cha shilingi 6,000 kwa mwezi kiliwekwa mwaka 1984, na muswada wa kukibadilisha uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukupata saini ya Rais Yoweri Museveni.

Kutokana na hali hiyo, wafanyakazi hubadilishana zamu wenyewe kwa wenyewe, na hapo ndipo mzozo mkubwa huzaliwa. Wawili hupatana kwa mdomo. Msimamizi huitikia kwa kichwa, halafu msimamizi mwingine hushika zamu. Ratiba ya ukutani bado ina jina la yule wa kwanza. Fedha za kaunta zikipungua, anatafutwa asiyekuwepo. Mwenzake asipotokea, aliyeandikwa ndiye mtoro, hata kama alikwisha kulipa deni hilo kwa kufanya kazi Jumapili. Wema wa kusaidiana unageuka ushahidi dhidi ya aliyesaidiwa.

Tatizo hili si la Kampala pekee. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930 kuhusu saa za kazi madukani na maofisini ulitaka saa za kuanza na kumaliza kila zamu zibandikwe mahali pa wazi. Jijini New York, sheria iliyoanza kutumika Novemba 2017 inayataka maduka ya rejareja yenye wafanyakazi 20 au zaidi kutoa ratiba angalau saa 72 kabla. Tanzania imechukua njia nyingine: anayefanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi huongezewa asilimia tano ya mshahara wake wa msingi.

Nchini Uganda, sheria inamtaka mwajiri aeleze kwa maandishi saa za kazi na zamu au siku za kazi, si zaidi ya wiki 12 tangu mtu aajiriwe. Anayetuhumiwa kwa utoro ana haki ya kusikilizwa kabla ya kufukuzwa, kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, na kuwa na mtu aliyemchagua kando yake. Akifukuzwa isivyo haki, ana miezi mitatu kufikisha dai kwa afisa wa kazi. Mbele ya afisa huyo, ujumbe unaotaja majina ya wote wawili waliobadilishana zamu, pamoja na jibu la msimamizi, una uzito ambao mapatano ya mdomo hayana.