Usiache mbachao kwa msala upitao

Chukulia kwamba una duka ulilolizoea mtaani, tuseme kule Buruburu. Kwa miaka kumi umenunua humo unga, maziwa na mkate. Asubuhi moja unakuta unga umesukumwa nyuma kabisa, na mbele mwenye duka amepanga redio na miwani ya jua. Ukimuuliza, anakujibu kwamba hiyo ndiyo biashara ya siku hizi. Utakosa kununa?

Hivyo ndivyo walivyonuna watumiaji wengi wa Firefox, kivinjari cha kufungulia kurasa za intaneti. Firefox 1.0 ilitoka Novemba 9, 2004, wakati Internet Explorer ya Microsoft ilikuwa imeshika karibu soko zima. Shirika la Mozilla, ambalo halikuundwa kutafuta faida, liliitoa bure. Watu waliipenda kwa kuwa ilizuia matangazo yanayochomoza ghafla, tena kila mtu aliweza kuiongezea vijiprogramu apendavyo.

Baadaye mwenye duka alianza kuhangaika. Mwaka 2013 Mozilla iliingia katika biashara ya simu za Firefox OS. Kufikia Desemba 2015 ilitangaza kuziacha. Mwaka 2017 ilinunua Pocket, huduma ya kuhifadhi makala ili uzisome baadaye. Mwanafunzi aliyerundika humo makala zake za utafiti alishtuka Pocket ilipofungwa Julai 8, 2025, akapewa miezi michache tu ya kuhamisha mzigo wake. Desemba mwaka huohuo, mkurugenzi mpya alisema Firefox itageuzwa kuwa kivinjari cha akili bandia. Watumiaji walipiga kelele: nani aliyeomba hayo? Mozilla ikaahidi kuweka swichi ya kuzima mambo hayo yote.

Tusimwonee mtu, msomaji. Si kila badiliko lilikuwa la upuuzi. Toleo la 57, la Novemba 2017, liliua vijiprogramu vingi vya zamani na kuwaudhi waliovitegemea. Lakini vijiprogramu hivyo viligusa matumbo ya kivinjari chenyewe, na kwa hivyo vilikuwa kizuizi kwa kasi na usalama. Isitoshe, sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla imekuwa ikitoka kwa Google, inayolipa ili injini yake ya kutafutia iwe ya kwanza humo. Google hiyohiyo ndiyo yenye Chrome, mpinzani mkubwa wa Firefox tangu 2008. Anayelishwa na mshindani wake hana budi kutafuta shamba lake. Kosa ni kutafuta shamba huku boma linaota magugu.

Huenda ukasema, kitu cha bure hakina malalamiko. Sikubaliani nawe. Kuna waliotengeneza vijiprogramu kwa kujitolea, na kuna waliowasihi jamaa na marafiki waitumie. Hiyo nayo ni malipo. Nung'unika, basi, kwa adabu na kwa hoja, maana asiyesema hasikiwi.

Lakini ukishanung'unika, linda mali yako. Anwani za kurasa ulizohifadhi, zitoe kwenye kivinjari kama faili na uziweke kwenye flashi. Firefox inaruhusu jambo hilo, na Chrome pia. Nywila za familia, hasa ya barua pepe na ya benki, zisikae mahali pamoja tu. Makala ya mtihani, ihifadhi katika kompyuta yako mwenyewe. Kisha fungua ukurasa wa mipangilio, uzime usichokihitaji.

Mwenye duka akisikia, vyema. Mkeka wake wa zamani ndio uliomkalisha na wateja. Asiposikia, utahamia duka la pili bila kuacha kikapu chako nyuma.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.